Zamu ya Kisima na Kura ya Mama

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asinitarajie makubwa. Naogopa nyoka, naogopa simu inayolia alfajiri, naogopa askari hata anaponisalimia vizuri, na kuliko vyote naogopa uchaguzi. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwangu Waberi, hapa Garissa, nachambua mchele, simu ikalia. Mtu wa ofisini, mwenye sauti laini, aliniuliza kama ningekubali kusimamia kituo cha kura tena kule jimboni kwetu, kwa kuwa nina uzoefu. Uzoefu! Nilimwambia nitafikiria. Nilipokata simu niligundua kwamba mchele wote niliokuwa nimeuchambua nimeumwaga tena kwenye vijiwe vyake.

Jimbo letu ni siku nzima ya gari kutoka hapa, na mvua ikinyesha ni siku nyingi zaidi. Jina lake sitalitaja. Watu wa Banissa watadhani nawasema wao, na wa Kutulo vilevile, kwa sababu mambo haya yanafanana kote kwetu. Tuna mifugo, tuna visima, tuna koo, na kila baada ya miaka mitano tuna wazimu kidogo.

Uchaguzi wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wagombea, au watu waliowashikia picha, walisimama uwanjani mbalimbali, na kila mpiga kura akaenda kusimama nyuma ya mtu wake mchana kweupe. Nilikuwa na miaka sita hivi. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nimeshika ncha ya mtandio wa mama. Mlolongo wetu ulijipinda mpaka nyuma ya kambi ya polisi. Ule mwingine ulikuwa na watu kumi na mmoja tu, na wa mwisho wao alikuwa mjane aliyekuwa jirani yetu. Karani alipita akiwagusa mabega na kuwahesabu kwa sauti. Hesabu ya kumi na mmoja haichukui muda, lakini siku ile ilichukua, kwa sababu sote tulikuwa tunawatazama. Jirani yetu alijifunika mdomo kwa mtandio, akawa anaangalia miguu yake.

Siku mbili baadaye tulipeleka mbuzi kisimani. Kwetu kisima ni cha ukoo, na kila nyumba ina zamu yake, inayosomwa kwa sauti na mzee wa kisima. Zamu ni kitu cha kurithi, haichezewi. Yule mjane alikuwa amefika kabla yetu. Tukanywesha sisi, wakanywesha waliokuja baada yetu, na waliokuja baada ya hao. Mbuzi wake walikuwa wanalia, ulimi nje. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Zamu yake ilikuwa haisomwi tu. Nilimwuliza mama, "Hooyo, kwa nini yule hanyweshi?" Mama alinishika kidevu akakigeuzia upande wa pili. "Geuza uso," akasema. Niligeuza. Nadhani woga wangu ulizaliwa pale, karibu na lile hori la kunyweshea mbuzi.

Baadaye kura za siri zikaja, na redio ikatuambia kwamba sasa kila mtu ni yeye na Mungu wake. Tulifurahi. Lakini siri ile iliwafikia wachache. Mama yangu, kama wanawake wengi wa rika lake, hakuwahi kushika kalamu. Picha za wagombea zimo kwenye karatasi siku hizi, ndiyo, lakini ni ndogo, na wote wamevaa kofia, wote wamepaka ndevu hina, hata mimi mwenye miwani huangalia mara mbili. Kwa hiyo sheria inasema asiyeweza kupiga kura mwenyewe anaweza kuja na mtu mzima anayemwamini, amwekee alama. Akija peke yake, msimamizi wa kituo ndiye anayemwekea, mbele ya mawakala wa wagombea, ili waone msimamizi hajaiba. Yaani mpiga kura anamtaja mtu wake kwa mdomo, na mawakala wanasikia. Mlolongo uliondoka uwanjani ukaingia darasani.

Wabunge walikuja na kwenda. Mmoja alikaa Nairobi miaka mitano akarudi na kitambi na miwani, akaomba mitano mingine. Mwingine alitujengea darasa moja akaandika jina lake ukutani kwa herufi kubwa kuliko ubao. Halafu wazee wakachoka na vurugu za kila uchaguzi, na kwa haki niseme walikuwa na sababu, watu walikuwa wameshauana kwa ajili ya kiti kile. Wakaamua kiti kizunguke. Koo zinakaa, zinapatana zamu ya nani, kisha wanaume wanaapa kwa Msahafu kwamba kura zote za nyumba zao zitakwenda kwa mtu mmoja. Mwanamume anaapa kwa niaba ya wote wanaokula kwake. Wanawake hawaitwi. Kiapo kikivunjwa na yeyote wa nyumba hiyo, laana inamwangukia aliyeapa, na watoto wake, na mifugo yake.

Baba alikuwa amefariki. Aliyeapa kwa niaba ya nyumba ya mama ni baba mdogo, ndugu ya baba. Alikaa siku tatu kwenye ua wa msikiti na wenzake, akaapa, akarudi akamwambia mama jina la mtu wa kuchaguliwa, kama mtu anavyoleta habari za mvua. Mama alikuwa anakamua mbuzi. Hakusimamisha mkono.

Nilikuwa nimekuja likizo. Baba mdogo alipoondoka, mama aliniambia, "Wao wameapa. Mimi nimeahidi."

Mtu aliyemwahidi alikuwa mgombea mwingine, wa ukoo mdogo usiokuwa na zamu karibuni. Alikuwa mhudumu wa zahanati yetu miaka mingi; tulimwita daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akituambia kila siku kwamba si daktari. Dada yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa huko malishoni, na mtoto amekaa vibaya, mtu huyu alitembea na mkoba wake toka adhuhuri mpaka jua linazama, kwa sababu gari lilikuwa limekwama mtoni. Dada yangu yu hai, na mwanawe yu hai. Aliposimama kugombea alipita kwa mama kunywa chai, na mama akamwambia, bila kuombwa, "Kura yangu ni yako." Basi. Shuleni huwa nawafundisha watoto kwamba ahadi ni deni, na wao hukariri bila kujua wanasema nini. Mama hakusoma msemo huo popote, lakini ulikuwa unamnyima usingizi.

"Hooyo," nikamwambia, "ukivunja kiapo kinamwangukia baba mdogo."

"Nani alimtuma aape kwa mdomo wangu?"

Niliinua chombo cha maziwa nikakipeleka ndani.

Siku ya uchaguzi nilikuwa msimamizi wa kituo katika darasa la tatu la shule nilikosomea mimi mwenyewe. Wakala wa chaguo la wazee alikuwa binamu yangu, mwana wa yule baba mdogo aliyeapa. Wakala wa daktari alikuwa msichana mwembamba wa ukoo wake, aliyekaa na kijidaftari mapajani. Mlangoni alisimama askari kutoka bara. Nilianza asubuhi mikono imekauka.

Na hapa ndipo mama alipokosea. Jirani zake walikuja na watu wa kuwasaidia: mwana, mkwe, mtu wa kuaminika. Mama alikuja peke yake. Alikuwa amefikiri hivi: wengine wanatafuta wasomi, mimi msomi wangu nimemzaa na yuko mle ndani. Miaka yote ile aliyouza mbuzi ili nisome, alikuwa ananunua macho yake mwenyewe. Nilimsikia pale mlangoni akijivuna kwa askari, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, uko na mtu wa kukusaidia?"

"Mimi iko na mtu yangu ndani. Ile mwalimu. Ile ni mtoto yangu."

Hakuelewa kwamba mle ndani sikuwa mtoto wake. Nilikuwa msimamizi, na msimamizi hamsaidii mtu kwa siri. Ningeweza kumwambia wiki nzima kabla. Nilijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote katika kata ile. Sikumwambia kwa sababu ningemwambia, angeleta mtu, na angempigia daktari kura, na kura moja ingeonekana, na watu wangeanza kumtafuta mwenyewe. Ndivyo woga unavyofanya kazi. Hausemi uongo, unasahau tu kusema kweli.

Akakaa kwenye benchi la watoto mbele ya meza yangu, magoti juu. Akanitabasamia. Nikamweleza utaratibu kwa sauti ya kiofisi, nikaona tabasamu likimtoka alipotazama kulia na kushoto na kuwakuta mawakala wameinama kusikiliza. Binamu yangu alikuwa ameweka kiwiko juu ya meza.

"Mama, unamchagua nani?" nikauliza.

Alifungua mdomo. Nilijua jina litakalotoka. Nikainama kama naokota kalamu, nikamwambia kwa Kisomali, chini kwa chini, neno moja tu: kisima.

Mama alinitazama usoni, na nikaona amenielewa, na nikaona pia kwamba ananijua sasa kuliko alivyonijua alipoingia. Kisha akataja jina la mtu wa wazee, polepole, kama mtu anayetapika kidogo kidogo. Binamu yangu akaegemea nyuma. Nikaweka alama, nikaikunja karatasi, mama akaitumbukiza, akachovya kidole kwenye wino, akatoka bila kuniaga.

Jioni tulihesabu. Daktari hakupata hata kura moja katika chumba kile. Yule msichana aliandika sifuri kwenye kijidaftari chake, akaizungushia duara.

Wiki ile ile daktari alikutana na mama sokoni. Hakumlaumu. Alimwambia tu, akicheka kidogo, "Mama, wote waliniahidi." Mama aliinamisha kichwa. Angeweza kusema, ni binti yangu. Hakusema, wala kwangu hakulizungumza tena. Aliponipa chai aliiweka chini mbele yangu badala ya kunipa mkononi. Ni jambo dogo, lakini mimi mwanawe nalijua lina uzito gani.

Nilirudi Garissa. Kesi ya uchaguzi ule ikafunguliwa kwa mambo ya vituo vingine huko mbali, ikazunguka mahakamani mwaka mzima na zaidi. Katikati ya mwaka huo dada yangu alinipigia simu akicheka: mama ameingia ngumbaru. Wanawake wanane walikuwa wanakaa chini ya paa la ghala la kanisa lililofungwa zamani, wanafundishwa kusoma na kuandika na mwalimu mstaafu. Nilijitolea kuja kumfundisha likizo. Jibu lake lililetwa na dada yangu neno kwa neno: "Mwambie yeye ni mwalimu wa watoto."

Nilipokwenda likizo nilimkuta anaandika chini kwa kijiti, nje ya nyumba. Jina lake, la baba yake, la babu yake. Akimaliza anafuta kwa kiganja anaanza upya. Mwalimu wao alikuwa na msimamo mmoja ambao aliwatia kichwani kama Fatiha: mtu anayejua kuandika, karatasi yake haikai bila jina. Kila zoezi jina juu. Asiye na jina juu hasahihishiwi. Mama alilipenda sana hilo. "Zamani tulikuwa tunaweka dole gumba," aliniambia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia likizo ile.

Kisha mahakama ikaufuta uchaguzi. Turudie, kiti cha bunge peke yake, wagombea wale wale. Wazee wakaapa tena, baba mdogo akaapa tena kwa ajili ya nyumba ya mama. Na mimi nikapigiwa simu tena, darasa lile lile la tatu. Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa sababu niliogopa zaidi kuwa mbali, nikisubiri kuambiwa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wanasema. Lakini hakuna anayesema mwoga mwenye mama shujaa aende wapi.

Mama alifika saa nne. Safari hii askari alimwuliza kama ana mtu wa kumsaidia, naye akamjibu, "Sitaki mtu. Mimi nasoma." Askari akapisha. Binamu yangu akasimama nusu, akakaa. "Eeddo," akamwita kwa heshima ya shangazi, "unaweza kweli?" Mama alipokea karatasi kutoka mkononi mwangu kama mtu anayepokea kitu kwa karani yeyote, akaenda nyuma ya kile kibanda cha kadibodi.

Alikaa humo. Nilisikia kalamu. Alama ya kura ni mkwaruzo mmoja, hata mtoto humaliza kabla hujapepesa. Mama alikuwa anakwaruza, anapumzika, anakwaruza. Foleni ikaanza kunung'unika. Jasho lilinitiririka mgongoni chini ya buibui. Nilidhani amekosea na anafuta. Nilimwomba Mungu awe amekosea. Ndiyo, nilimwomba hivyo, na najua alinisikia.

Alitoka na karatasi imekunjwa mara nne, akaitumbukiza sandukuni, akalipiga sanduku kidogo kwa kiganja kama anavyopiga mbuzi aliyekwisha kukamuliwa. Akaenda zake, shingo juu.

Karatasi ilikuwa ya aina moja tu, kwa hiyo kuhesabu kulikuwa kwepesi. Jua bado lilikuwa linaingia dirishani. Nilifungua, nikaonyesha kulia, nikaonyesha kushoto, nikataja jina, nikaweka. Jina lile lile, lile lile, lile lile, rundo likapanda. Kisha nikashika iliyokunjwa mara nne.

Ndani yake alama ilikuwa kwenye kisanduku cha daktari, sawasawa, haikugusa mstari. Na juu ya karatasi, kwa herufi kubwa zilizoinama kulia, mama alikuwa ameandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Karatasi yake haikukaa bila jina.

Dole gumba langu lilijiendea lenyewe, likaziba.

"Abaayo," alisema binamu yangu, akiniita dada, "toa kidole."

"Ngoja."

"Wallahi, toa kidole."

Nilitoa. Akasoma kwa sauti, jina la kwanza, la pili, la tatu, na sauti yake ikapungua njiani kwa sababu la tatu alilijua kama anavyolijua lake. Chumba kizima kilisikia. Askari akauliza, "Huyo ni nani?" Yule msichana wa daktari alifungua kijidaftari, akalinakili lile jina lote, herufi kwa herufi, akiangalia karatasi na kurudi.

Halafu wote wakanigeukia mimi. Na sheria ni hii: karatasi yenye jina la mpiga kura, au alama yoyote ya kumtambulisha, haihesabiwi. Imewekwa hivyo ili kulinda siri, ili mtu asinunuliwe wala asitishwe. Nilifundishwa hivyo kwenye semina mbili. Nilitamka maneno yanayopaswa kutamkwa, nikaiweka pembeni peke yake, nikaendelea na rundo. Binamu yangu alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni.

Fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni. Niliibandika mwenyewe kwa gundi ya darasani. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesubiri uani tangu alasiri, na watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa pande zote.

Sikuwahi kumwona mama akisoma kitu kilichobandikwa. Alisogea, akaweka kidole kwenye jina la daktari, akaliburuta mdomoni silabi kwa silabi. Kisha kidole kikasafiri kwenye mstari mpaka mwisho, kwenye tarakimu. Akaitazama. Akarudi mwanzo, akasoma tena, labda amekosea.

"Sifuri," akasema.

"Hooyo..."

"Umeifanya nini kura yangu?"

Hakupaza sauti. Alikuwa na haki ya kuuliza, na kibaya zaidi ni kwamba safari hii sikuwa nimefanya kitu. Nilichukua kidole chake, nikakishusha kwenye mstari wa chini, penye maneno ya kura zilizokataliwa, na mbele yake moja. "Hii hapa," nikamwambia. "Hii moja ndiyo yako. Uliandika jina. Wenye jina hawahesabiwi."

Alifikiri. "Walilisoma?"

"Walilisoma kwa sauti."

"Na yule msichana wa daktari alikuwepo?"

"Aliliandika kwenye daftari lake."

Mama alivuta pumzi, akatoa kidole pale kwenye moja. "Basi yeye amejua," akasema, akashika njia ya nyumbani. Nilibaki mlangoni nikilia mbele ya askari, nami wala sijali.

Asubuhi yake ilikuwa zamu ya mama kisimani, ya tatu. Nilikuwa na gari la kunirudisha Garissa. Nililiacha liende, nikavaa ndara nikamfuata, na njia nzima nilikuwa natetemeka, msidhani vinginevyo. Baba mdogo alikuwepo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha. Mbuzi wake mmoja alikuwa ametupa mimba alfajiri ile, na watu walikuwa wameshaanza kuhesabu laana. Wa kwanza akanywesha, wa pili akanywesha. Wa tatu alisomwa mtu mwingine. Wa nne mwingine. Wanawake tuliokua nao walipita na ndoo wakatusalimia kwa nusu mdomo, wakageuza nyuso za watoto wao.

Tukakaa chini, mimi na mama, karibu na hori, mbele ya kila mtu. Mbuzi walianza kulia, ulimi nje. Jua lilipanda.

"Siku ile ya yule mjane," mama alisema mwishowe, "nilikushika kidevu."

"Nakumbuka."

"Nilikosea."

Tulinywesha wa mwisho kabisa, maji yakiwa matope. Tukanywesha wa mwisho siku hiyo na kila zamu iliyofuata, mpaka mvua ziliponyesha miezi kadhaa baadaye na watu wakatawanyika malishoni. Mama alianza tena kunipa chai mkononi, bila kusema chochote.

Ndiyo maana wiki hii nimempigia yule mtu mwenye sauti laini nikamwambia nitakuja. Nimemwomba aniweke kituo kingine chochote, si kile cha mama, na msimamizi wa pale awe mgeni asiyemjua mtu. Amekubali. Bado naogopa, jana nimeunguza sufuria mbili. Nikampigia mama kumweleza kwamba safari hii sitakuwa mle ndani, na kwamba asiandike jina, alama tu, alama peke yake.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaniuliza kama kalamu watatoa wao, au aje na yake.